Damu Ikichukuliwa Kijijini, Majibu Yarudi Kijijini

Kwa watafiti wa afya na lishe mnaofanya kazi Mbeya, Iringa na mikoa jirani. Kwa kamati za maadili zinazowapa vibali. Na kwa taasisi za umma zinazosimamia tafiti hizo.



Mimi ni muuguzi wa zahanati. Miaka mingi ya kazi yangu imepita vijijini, Mbeya kwanza na Iringa baadaye, na timu ya utafiti ikifika huwa nakaa upande wenu wa meza. Mimi ndiye ninayempakata mtoto mama yake anapogeuza uso asione sindano. Mimi ndiye ninayekaa na mama nusu siku, mfuko wa mkojo ukiwa umebandikwa kwa mtoto, tukimnywesha maji na kusubiri. Nimeona tone la damu likidondoshwa katikati ya duara la karatasi maalumu, karatasi ikaachwa kivulini ikauke, ikafungwa pamoja na vidonge vya kunyonya unyevu, ikaingia kwenye boksi, na boksi likaingia kwenye gari. Kazi hiyo mnaifanya kwa uangalifu mkubwa, na sikuja kuibeza.

Shida yangu inaanza gari likishaondoka. Mwaka unapita, wa pili unapita, na mama yule anakuja kliniki na mtoto mwingine mgongoni. Ananiuliza: "Sista, ile damu ya kaka yake, walisemaje?" Sina la kumjibu. Namba ya mtoto ipo kwenye daftari lenu, majibu yapo kwenye kompyuta yenu, pengine yameshachapishwa na kusomwa na watu wa nchi ambazo mama huyu hatazifika. Yeye aliyetoa ndiye pekee asiyejua.

Ombi langu ni moja. Majibu yarudi kijijini, na kurudi kwake kuwe sharti la kibali cha utafiti. Kusiachwe kuwa hisani ya mtafiti mwenye moyo mzuri.

Nieleze kwanza kwa nini vipimo vyenu vina uzito wa pekee katika mikoa hii. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Iringa walikuwa takriban 57. Njombe na Rukwa, katika kila mkoa, waliodumaa walikuwa nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Malori ya mahindi, viazi na maharage yanateremka kutoka huku kwenda Dar es Salaam usiku na mchana, na watoto wa wanaoyapakia ndio wafupi kuliko wote.

Mizani na ubao wa kupimia urefu vinaniambia kwamba mtoto ni mfupi kwa umri wake. Haviniambii sababu. Ndipo mama anapogeuziwa maswali: unampa nini, unampikia mara ngapi, baba yuko wapi, ulanzi unakunywa? Akijibu, jibu lake linaandikwa kama alivyolisema, na lawama inabaki juu yake. Lakini mama hawezi kuona kwa macho kama uji alioukoroga una sumu ya ukungu ndani yake. Hawezi kujua kama utumbo wa mtoto umevimba kwa uchafu wa maji kiasi kwamba chakula kinapita tu. Viashiria vya kibayokemia, yaani vile tunavyopima kwenye damu, mkojo, kinyesi au maziwa ya mama ili kujua mwili umepata nini, umekosa nini au umeingiliwa na nini, vinaona asichoweza kuona yeye wala mimi. Vinaweza kumwondolea lawama isiyo yake. Kwa sababu hiyo nawashikia mtoto bila kusita kila mnapokuja.

Chukueni sumukuvu. Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga hutoa sumu za aina nyingi, na mbili zimetusumbua sana: aflatoksini na fumonisini. Aflatoksini ikifika kwenye ini hubadilishwa, na sehemu yake hung'ang'ania albumini, ile protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye plazma ya damu. Albumini hukaa mwilini wiki kadhaa kabla ya kuvunjwa. Kwa hiyo damu ya mtoto ikipimwa leo inaeleza alichokula kwa miezi miwili mitatu iliyopita, jambo ambalo hakuna dodoso linaloweza kulieleza. Fumonisini hupimwa kwenye mkojo, nayo hueleza siku chache tu.

Watafiti Candida Shirima, Martin Kimanya, Joyce Kinabo na wenzao waliwafuatilia kwa mwaka mmoja watoto 166 kutoka Nyabula hapa Iringa, Kigwa mkoani Tabora na Kikelelwa mkoani Kilimanjaro. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Waliwapima mara tatu: wakati wa mavuno, miezi sita baadaye, na miezi kumi na miwili baadaye. Wastani wa aflatoksini iliyoshikana na albumini ulianza na pikogramu 4.7 kwa kila miligramu ya albumini, ukapanda hadi 12.9, kisha 23.5. Mara ya kwanza sumu ilionekana kwenye damu ya theluthi mbili ya watoto. Mara ya tatu ilionekana karibu kwa wote.

Someni namba hizo kama anavyozisoma mtu anayekaa kijijini. Mtoto wa miezi minane bado ananyonya, uji anaonja tu. Akifika mwaka na nusu anakula ugali wa nyumba nzima. Na mahindi yenyewe yamekaa ndani muda mrefu zaidi, mvua zimenyesha, gunia la chini limevuta unyevu wa sakafu. Umri wa mtoto na umri wa mahindi vinapanda pamoja, na damu inaonyesha.

Kuhusu urefu, watoto waliokuwa na fumonisini nyingi kwenye mkojo ndio waliokua kidogo. Kwa aflatoksini uhusiano huo haukuthibitika kitakwimu, na watafiti waliandika hivyo bila kupindisha. Nawaheshimu kwa hilo. Kiashiria kizuri ni kile kinachoachwa kiseme kilichopo, hata kama mfadhili angependa zaidi.

Sasa njooni nyumbani kwa mkulima, mahindi yakiwa yamepukuchuliwa. Mama na watoto wameketi kwenye turubai wanachambua. Punje kubwa nyeupe zinaingia kwenye gunia la kuuza, maana mnunuzi atachota kiganja, atatazama, atapima unyevu, na akiona punje zilizobadilika rangi atakataa. Zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye rangi ya kijivu au ya waridi, zinawekwa kwenye debe pembeni. Debe lile halitupwi. Mahindi hayatupwi kwa watu wetu, ni dhambi. Linakwenda kwa kuku, linakwenda kwenye pombe, na ikifika miezi ya njaa kati ya Januari na Machi linakwenda mashineni na kurudi dona. Gunia safi limeshateremka Dar es Salaam zamani.

Mwaka 2008 Kimanya na wenzake walichapisha vipimo vya mahindi 120 ya majumbani kutoka Tabora, Kilimanjaro, Ruvuma na Iringa. Fumonisini ilikuwemo kwenye zaidi ya nusu. Aflatoksini ilikuwemo kwenye asilimia 18, na sampuli mbaya zaidi ilikuwa na maikrogramu 158 kwa kilo, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni 10. Hayo yalikuwa mahindi ya kula, ya watu wenyewe.

Kuna jambo lingine linaloniuma kama mtumishi wa afya. Kliniki zetu zimefundisha kwa miaka mingi unga wa lishe: changanya mahindi na karanga, weka na dagaa, saga, mpe mtoto. Mahindi na karanga ndivyo vyakula viwili vinavyobeba aflatoksini kuliko vingine vyote tunavyopanda. Ushauri wenyewe si mbaya, karanga ina mafuta na protini ambayo mtoto anahitaji. Lakini ukitolewa bila neno moja kuhusu kuchambua, kukausha na kuhifadhi, tunamtuma mama akachanganye sumu mbili kwenye sufuria moja kwa mapenzi yote aliyonayo. Muuguzi mwenye majibu ya damu ya watoto wa kijiji chake angefundisha tofauti. Angesema ulezi kwanza. Angesema mahindi ya mtoto yakobolewe, maana sumu nyingi ipo kwenye ganda na kiini, na yachambuliwe punje kwa punje kabla ya kwenda mashineni. Angemshawishi baba aache gunia moja la punje nzuri nyumbani kabla lori halijafika, akimwonyesha kwa nini.

Msidhani ninatia chumvi. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafa. Kenya mwaka 2004 waliugua 317 na wakafa 125, wengi wao Makueni na Kitui. Huko sumu ilikuwa nyingi mno, ikaua kwa siku chache, na serikali ikaja. Huku kwetu inakuja kidogo kidogo, kila siku, ndani ya chakula kinachonukia vizuri. Hakuna anayekuja isipokuwa ninyi.

Iringa imewahi kuwa mahali ambapo majibu yalirudi, tena siku hiyohiyo. Mwaka 1983 ulianza hapa mpango wa pamoja wa lishe wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ukishika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu ilikuwapo siku ya afya ya kijiji. Watoto walipimwa uzito hadharani, mama aliona mstari kwenye kadi ukipanda au ukishuka, na jumla ya kijiji ikapelekwa kwenye serikali ya kijiji. Wazee wakakaa, wakaulizana: watoto wa kitongoji hiki wana nini? Nani analima mbali na kumwacha mtoto na bibi? Tufungue kituo cha kulishia watoto mchana? Watoto wenye utapiamlo mkali walishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8 kufikia mwaka 1988. Mfumo wa kufikiri uliotumika, wa kutathmini, kuchambua sababu na kuchukua hatua, kisha kutathmini tena, ulichukuliwa na UNICEF mwaka 1990 ukatumika duniani kote. Wataalamu wa lishe wa nchi nyingi wanaufundishwa hadi leo bila kujua kwamba ulijaribiwa kwanza kwenye vijiji vya Wahehe, Wabena na Wakinga.

Wazazi hao wengi hawakusoma kupita darasa la saba. Walielewa mstari kwenye kadi. Kwa hiyo mkiniambia wanakijiji hawataelewa aflatoksini, sitawakubalia. Mkulima wa Ismani anajua bei ya gunia Dar es Salaam asubuhi hii, anajua unyevu wa mahindi anaoutaka mnunuzi, anajua dawa gani ya ghala imechakachuliwa. Mwambieni, kwa mfano, kwamba damu ya watoto wa kijiji chake mwezi wa Februari ilikuwa na sumu mara tano ya ile ya Julai, kisha mnyamaze. Ataanza yeye kuzungumzia ghala.

Mradi ule wa miaka ya themanini ulipima uzito. Uzito ukapanda, lakini udumavu haukuondoka, na miaka 40 baadaye Iringa inaongoza nchi kwa udumavu. Ni wazi kwamba mizani ilifika mwisho wa uwezo wake. Ndiyo maana nataka yale yaliyofanyika kwa mizani, yaani kupima na kurudisha na kujadili, yafanyike sasa kwa damu na mkojo.

Lakini nikiri kwamba damu ni ngumu kuliko mizani, na hapa nahitaji utaalamu wenu zaidi ya huruma. Si kila kipimo kina jibu la mtu mmoja mmoja.

Wekundu wa damu, yaani hemoglobini, una jibu la papo hapo. Mtoto akikutwa na kiwango cha chini mno, ni lazima apelekwe kituo cha afya siku hiyo, na hakuna mtafiti mwenye haki ya kuondoka na namba hiyo kwenye tableti akamwacha mtoto nyumbani. Hata hapo kuna mtego wa milima yetu. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na mwili hujibu kwa kutengeneza damu nyekundu zaidi. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa ana upungufu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Mkazi wa Makete, mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, akikutwa na 12.5 anaonekana mzima. Kwa jedwali lililotumika miaka mingi la Shirika la Afya Duniani, ilipaswa kupunguzwa 0.8 kwa ajili ya mwinuko huo, abaki na 11.7, na 11.7 ni upungufu wa damu. Mwaka 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo mpya na kuongeza makato hayo. Mkirudisha majibu bila kuyarekebisha, mtawaambia wanawake wa Makete kwamba wako salama wakati hawako.

Feritini inaonyesha akiba ya madini chuma, lakini mtoto mwenye malaria, nimonia au kuhara hupandisha feritini hata kama ghala lake la chuma ni tupu. Protini inayobeba vitamini A hufanya kinyume: hushuka mtoto akiumwa, hata kama vitamini ipo. Ndiyo maana vipimo hivi havifai kusomwa bila CRP na AGP, viashiria vya uvimbe mwilini, pembeni yake. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2010 matone ya damu kavu yalipimwa vitamini A na chuma pamoja na kiashiria cha uvimbe, na ikaonekana takriban theluthi ya watoto wadogo walikuwa na upungufu wa vitamini A. Kazi hiyo ilifanywa na maabara ya Taasisi ya Chakula na Lishe, Dar es Salaam. Si kweli basi kwamba kila sampuli lazima ipande ndege.

Madini joto ni habari nyingine. Mkojo wa mtu mmoja, mara moja, hausemi chochote cha maana kuhusu mtu huyo, kwa sababu kiasi hupanda na kushuka kulingana na alichokula jana na maji aliyokunywa. Mkojo wa watoto mia wa shule moja, ukichukua kiwango cha katikati, unasema ukweli wa kijiji kizima. Jibu lake ni la kijiji, na linafaa kusomwa mbele ya kijiji.

Tuna ushahidi kwamba jibu la namna hiyo linabadilisha maisha. Daktari Michael Latham alipowapima watu zaidi ya 3,000 Ukinga, huko Makete, miaka ya sitini, asilimia 75 walikuwa na rovu. Mabibi wa huko walivaa rovu kama sehemu ya uzee. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika, miaka ya tisini sheria ikaitaka chumvi iwekwe madini hayo, na utafiti wa taifa wa mwaka 2004 ukakuta rovu limeshuka hadi asilimia 7 ya watoto wa shule, na mkojo ukiwa na wastani wa katikati wa maikrogramu 204 kwa lita, kiwango kinachotosha. Shingo ilimwonyesha daktari tatizo, na mkojo ukaonyesha kwamba dawa imefika. Leo msichana wa Makete anakua bila rovu na hajui kwamba bibi yake alikuwa nalo. Nendeni mkamwambie kijijini kwake kwamba chumvi ile ya mawe ya bei nafuu, isiyo na madini joto, inaweza kulirudisha. Namba za mkojo wa shule yake ndizo zitakazomshawishi.

Nije Kyela, kwa habari ya damu inayohifadhiwa. Kati ya mwaka 2006 na 2011 kituo cha utafiti wa magonjwa cha NIMR Mbeya na washirika wake wa Munich waliwafuatilia watu wa mkoa wa Mbeya, Kyela ikiwemo, na kuhifadhi damu yao. Baadaye, sampuli za watu 1,055 wa Kyela wasio na virusi vya UKIMWI mwanzoni zilipimwa antijeni ya minyoo ya matende. Ikaonekana kwamba waliokuwa na minyoo hiyo walipata maambukizi ya virusi kwa kasi zaidi ya mara mbili ya wasio nayo, na vijana ndio walioathirika zaidi. Makala ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 2016. Ni ugunduzi mkubwa, na ulitoka kwenye damu iliyokuwa imelala kwenye friza. Kwa hiyo siwaombi mtupe sampuli baada ya utafiti kwisha. Zihifadhini. Lakini mwambieni mtu tangu siku ya kwanza, kwa sauti na kwa lugha anayoota nayo, iwe Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe, kwamba damu yake itakaa miaka, kwamba inaweza kuulizwa swali jipya, na kwamba jibu la swali hilo jipya nalo atasomewa. Fomu ya ridhaa ya kurasa saba, inayosomwa harakaharaka mama akiwa na mtoto anayelia, haijamwambia mtu kitu.

Najua pingamizi zenu, maana nimezisikia mezani. Mtasema matokeo yasubiri kuchapishwa. Azimio la Helsinki, ambalo kila mmoja wenu ameliandika kwenye andiko lake la utafiti, linasema tangu marekebisho ya mwaka 2013 kwamba washiriki wote wapewe nafasi ya kuarifiwa matokeo ya jumla ya utafiti. Halikusema nafasi hiyo ni ya wenye intaneti.

Mtasema mtazua hofu. Hofu ipo tayari, ndugu zangu. Habari za mumiani ni za zamani kuliko utafiti wowote, na kila gari linaloondoka na damu bila kurudi na neno linaziongezea uhai. Nimewahi kukuta nyumba imefungwa kwa siku nzima, watu wakiwa ndani kimya, kwa sababu timu ya utafiti imetangazwa. Dawa ya uvumi huo ni mtafiti yuleyule kurudi akiwa na karatasi mkononi, akaketi kwenye benchi, akaulizwa maswali.

Mtasema hakuna fedha. Kwenye bajeti zenu kuna mafuta ya gari, posho, kusafirisha sampuli kwa barafu, na tiketi ya mkutano wa kisayansi. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu, mwenyekiti na mtendaji wanauitisha bila malipo yenu. Kinachohitajika ni safari moja zaidi, nakala za ukurasa mmoja wa Kiswahili, na muda wa mtafiti mwenyewe. Nasema mtafiti mwenyewe, siyo msaidizi aliyeajiriwa kwa wiki mbili.

Na pale mnapopima sumukuvu kwenye damu ya watoto, pimeni pia debe. Chukueni kibaba cha unga wa nyumba hiyohiyo. Damu peke yake itatuambia tatizo lipo, na debe litatuonyesha linapoingilia, nalo linaweza kubadilishwa msimu ujao. Kipimo cha unga ni rahisi kuliko cha damu, hakimlizi mtoto, na jibu lake linaweza kutoka kabla hamjaondoka wilayani. Mavuno ya huku yanaanza Juni. Majibu yakisomwa Mei, mama na baba wana muda wa kununua turubai na kuinua vihenge kutoka sakafuni. Yakisomwa Oktoba, mahindi mazuri yameshauzwa na mabaya yameshahifadhiwa, na tutasubiri mwaka mzima huku mtoto akipita siku zake elfu za kwanza.

Kamati za maadili, ninyi ndio mnaoshika ufunguo. Mtafiti anaweza kunisahau mimi na kijiji changu, lakini hawezi kuwasahau ninyi, maana bila muhuri wenu hachomi sindano. Kibali kijacho mtakachotoa kwa utafiti wa damu au mkojo wa watoto katika mikoa hii, wekeni sharti kwamba ripoti ya mwisho haitapokelewa bila muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioambatanishwa: tarehe, idadi ya waliohudhuria, kilichosomwa, na maswali yaliyoulizwa. Maswali hayo yasomeni. Mengi yatakuwa maswali mazuri kuliko yale ya dodoso.

Upande wetu, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tutafanya sehemu yetu. Tutawatafuta akina mama waliohamia mashamba ya mbali, tutatafsiri pale Kiswahili kinapokwama, tutamshika mkono yule ambaye jibu lake ni baya na kumpeleka hospitali. Nitumieni tarehe mapema tu, kabla ya mbiu ya kijiji, ili nimwambie mama yule anayeniuliza kuhusu damu ya mwanawe aje akae mbele.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa zahanati,
Wilaya ya Iringa